Mashine ya Kimya katika Chumba cha Mama

Alimantasio ya kwanza ilikuwa nyepesi, nikamrudishia muuzaji kabla hajamaliza kuisifia. Kwa asiyejua, alimantasio ni kile kisanduku cha chuma ndani ya kompyuta kinachopokea umeme na kuvigawia vifaa vingine. Ikiwa ya bandia, ndani hamna kitu: nyaya mbili tatu na hewa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alinunua dhahabu kwa wachimbaji maisha yake yote, na kabla hajaniambia lolote kuhusu sala au ndoa, aliniambia kwamba mkono haudanganyiki kirahisi kama jicho. Kwa hiyo mimi hupima. Napima nyama, napima sukari, napima hata salamu za watu.

Ya pili ilikuwa nzito. Muuzaji akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitia wasiwasi. Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia kwenye matundu ya feni, nikaona pembeni donge la kijivu limebandikwa kwa gundi. Halikushikana na waya wowote. Lilikuwa saruji. Mtu fulani, huko ilikotengenezwa, alijua kwamba duniani kuna watu kama baba yangu, akawawekea uzito wao.

"Mama, weye uko muntu ya hatari," muuzaji akasema huku akicheka. "Hata miye sikujua hiyo kitu iko ndani."

Labda kweli hakujua. Lakini mtu akicheka haraka hivyo, mimi hushika mkoba wangu vizuri.

Sikuwa nimekwenda dukani kwake kwa anasa. Kazi yangu hapa Bunia ni kutengeneza filamu za arusi na za matanga. Nyumba yangu ni ndogo, na mama alipotoka upande wa Irumu, baada ya shamba lake kuporwa mara ya pili, nilimpa chumba cha kazi kwa sababu ndicho chenye dirisha kubwa. Kompyuta ya zamani ilikuwa humo humo. Feni zake ndogo zililia kutwa kama kinu cha kusagia muhogo, na mama alikuwa akikaa kitandani na kitenge amejifunga kichwani hadi masikioni. Alivumilia, kisha akaanza.

"Kelele ya mashine yako inanipasua kichwa. Nitaenda kwa kaka yako, kule Komanda."

Kaka yangu ana duka pale njia panda, panaposimama malori, na si mara moja amelifunga na kulala porini na watoto wake kwa kuwakimbia wenye silaha. Njia ya kwenda huko watu huipita wakisali. Mama yangu ni mzee, goti lake moja halikunjiki vizuri. Mwanamke kama huyo akiambiwa kimbia, atakimbia vipi? Nilijua akienda tu, mimi sitalala tena. Basi nikasema moyoni: kama kinachomfukuza ni kelele, nitaiondoa kelele.

Ndiyo maana nilimkalia kooni yule muuzaji. Alitaka kunipa kasha la kioo lenye taa za rangi zote, nikamwambia sifungui baa. Nikachagua jeusi, baya kwa sura, lenye mlango mnene mbele na kuta zilizobandikwa sponji ndani ili kumeza sauti. Niligonga ubavu wake kwa kidole, halikulia. Lakini kitu kilichofungwa vizuri hivyo lazima umuulize mwenyewe kinapumulia wapi.

"Hewa inaingiaka huku chini, moto inatokaka huku juu," alisema, akinionyesha matundu. "Usiweke kitu hapa juu, mama. Hata gazeti."

Kwa kupoza ubongo wa mashine alinitajia mipira yenye maji ndani yake. Maji na umeme, katika chumba anacholala mama! Nilimtazama mpaka akairudisha mwenyewe. Tukaafikiana kwenye bati nyembamba nyingi zilizopangwa pamoja, na feni pana kama sahani ya wali. Feni pana inazunguka polepole na bado inatoa hewa ya kutosha, kwa hiyo haipigi kelele. Hilo nililielewa bila kuelezwa mara mbili.

Alimantasio ya tatu aliitoa chini ya meza, katika boksi lenye vumbi. Ilikuwa nzito, na tochi ilionyesha kwamba uzito wake ni wa vifaa kweli. Akaiunganisha na vitu vyote, akawasha. Feni yake haikuzunguka.

"Imekufa," nikasema.

"Haijakufa, mama. Hii inazungukaka tu wakati inapata moto. Njo maana iko kimya."

Nikavuta kiti chake mwenyewe, nikakaa, nikamwambia aitwike kazi nzito. Wateja waliingia wakatoka. Wengine walinisalimu wakidhani mimi ndiye mwenye duka. Feni ilipoanza kuzunguka ndipo nilipotoa pesa, na kabla ya kuondoka nikachukua rangi ya kucha mkobani, nikapaka tone kwenye kila skrubu ya kasha. Atakayelifungua, nitamjua.

Nyumbani mama alilitazama kasha, akatega sikio, akaja hata karibu.

"Inatumika?"

"Inatumika, mama."

"Haisemi kitu."

Alilala mchana ule, akiwa amelala chali na mdomo wazi, na mimi nikafanya kazi hatua mbili kutoka kitandani kwake. Sikumbuki kama nimewahi kujisifu hivyo kwa kitu nilichokinunua. Wiki nzima hakuitaja Komanda.

Kisha mashine ikaanza kuzimika. Lazima nieleze kidogo. Filamu ikiisha kupangwa, mashine huunganisha vipande vyote kuwa kimoja, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Hakuna haja ya kukaa mbele yake. Mimi huiwasha, nazima kioo cha kutazamia ili nisimalize betri za sola, naenda zangu kupiga picha mahali pengine. Nikirudi nakuta imekwisha. Sasa nilikuwa nikirudi nakuta imezimika katikati, na filamu hamna. Nikiwa nyumbani haikuzimika hata mara moja. Ilingoja nitoke.

Kitu kinachongoja utoke, hicho kina mkono wa mtu. Nilianza na jirani, ambaye betri zangu zinampa taa mbili kwa hisani yangu. Labda alikuwa ameongeza pasi. Nilikata waya wake, akanuna, na mashine ikazimika tena. Nikamgeukia muuzaji. Nililibeba kasha kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi dukani, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakugomba. Aliiwasha, akaitwika kazi alasiri yote, haikuzimika. Nikaona mambo mawili tu yanawezekana: ama kuna alichokibadilisha nilipoinama kuchukua maji, ama yeye si mwizi. La pili lilinipa tabu zaidi. Nikakagua rangi ya kucha. Kila tone lilikuwa mahali pake.

Basi hakuna aliyelifungua. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kumuuliza mama maswali, kidogo kidogo, kama mtu anayeongea tu. Leo kuna mtu amepita? Mtoto wa jirani hajaingia chumbani? Wewe hujagusa kile kidude cha mbele cha kuwashia? Mama alijibu la kwanza vizuri, la pili kwa mkato, na la tatu kwa kichwa. Siku zilivyopita alinyamaza zaidi, hata chakula alikula akiwa amegeukia mlango. Halafu jioni moja, katika ukimya niliougharimia, akasema anafikiri ni vizuri aende kwa kaka yangu.

"Lakini mama, kelele haipo tena."

"Naona," akasema.

Nikamshuku kaka yangu. Nikajiambia kwamba anampigia simu mama nikiwa sipo, anamtia maneno. Nilikuwa na sababu nzuri kwa kila mtu.

Siku iliyofuata niliwasha kazi ya filamu ya matanga ambayo wenyewe walikuwa wakiidai kila asubuhi. Nikazima kioo, nikaaga kwa sauti, nikafunga geti la bati kwa kishindo. Nilitembea hadi kwa muuza chapati, nikanunua moja, nikaila nimesimama. Kisha nikarudi, nikaliinua geti kwa mikono miwili ili lisilie, nikaingia hadi mlango wa chumba.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, goti bovu limenyooshwa. Kasha halikuonekana. Lilikuwa limefungwa kwa vitenge viwili, juu, mgongoni na ubavuni, na juu yake tena kile kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe cha kufunikia televisheni. Aliliegemea kwa bega. Nilipovuta vitenge, bati la juu lilinichoma kiganja. Mashine ilikuwa imeshazimika.

"Mama! Ni wewe?"

Alishtuka, akajaribu kunyanyuka, akashindwa.

"Nilizania imelala. Haipigi kelele."

"Na kwa nini unaifunika? Ile ya zamani si nilikukataza?"

"Ndiyo maana nafunuaka wakati nasikia geti." Alikusanya vitenge mapajani, akaanza kuvikunja. "Batu banapitaka kwa dirisha. Banaona. Kitu ya maana haiachwake wazi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama aliumwa mara mbili. Hilo nililifahamu papo hapo, hasira ikaanza kunitoka. Nikamwambia kwa upole kwamba dirisha lina vyuma, jirani wapo, wala si kazi yake kulinda. Kama wataiba, waibe.

"Weye unasema vile," mama akasema. Hakunitazama. "Siku moja utarudia, utakuta kitu hakuna, na miye niko. Utauliza nani? Si miye njo niko ndani?"

"Mama, mimi nikuulize wewe?"

"Unaniulizaka kila siku." Sasa alinitazama. "Unaniangaliaka sawa vile unaangaliaka ule wa duka. Hata ile mashine ya kwanza, nilikuwa nakaa hapa kuilinda na kelele yake mu kichwa, kwa kuogopa weye. Nani anaweza kulala hivyo?"

Niliketi sakafuni karibu naye. Niliona aibu, na niliumia, na kwa sababu nilivyo ndivyo nilivyo, kidogo nilikasirika pia, kwamba alikuwa na hilo moyoni muda wote na hakulisema. Nilimshika mkono. Nikamwambia mbele ya Mungu kwamba sitamuuliza tena habari ya mashine, iwepo isiwepo. Atoke, aende kwa jirani, aende kanisani, aache mlango wazi akitaka. Alifikiri sana. Kisha akasema sawa, atakaa, na akaniomba nimrudishie jirani taa zake kwa sababu mke wake ana mimba. Nilirudisha waya jioni ile ile. Kwa muuzaji pia nilipita, nikamnunulia soda, nikamwambia alimantasio yake ni nzuri. Soda aliipokea kwa tahadhari.

Zile zilikuwa siku njema. Mama alikuwa akisuka mikeka na wanawake wa jirani, akirudi na habari zao zote. Filamu ya matanga iliisha, nikaipeleka, wenyewe wakalia tena kama siku ya maziko.

Kisha ikaja kazi ya arusi, kubwa, nyumba mbili za watu. Asubuhi niliwasha mashine, nikazima kioo, nikamuaga mama bila neno lolote la mashine, nikapanda moto kwenda kwa fundi wa kamera. Tulikuwa tumekwisha kupita soko wakati wazo lilipoingia. Lilikuwa dogo tu: ataifunika. Nikalifukuza. Likarudi na jingine: au ameacha wazi kabisa, na leo watu wa kuomba kazi wanapita. Nilijiambia nimeapa. Wakati huo huo mkono wangu ulikuwa umeshampiga mwendesha moto begani.

"Turudie," nikasema.

Geti lilikuwa wazi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na wa chumba pia. Niliona mashine pale kwenye meza yake, tupu, haina hata uzi juu yake, inafanya kazi kimya kabisa, na hewa ya uvuguvugu inatoka juu inavyotakiwa. Mama hakuwa chumbani. Alikuwa nje ubavuni mwa nyumba, kwenye kivuli, na mke wa jirani, wanachambua maharagi na kucheka. Aliniona natoka chumbani kwake.

Kicheko kikaisha.

"Umerudilia nini?"

"Nimesahau simu," nikasema.

Mke wa jirani aliinamisha kichwa kwenye ungo wake. Mama alitazama mkono wangu wa kulia, nami nikatazama alipotazama.

"Simu njo hiyo, mwana yangu," akasema polepole, bila ukali.

Alirudia maharagi yake. Jioni, baada ya kula, aliniomba nimtafutie moto ya Komanda, ya mtu anayeijua njia vizuri. Safari hii hakutaja kelele.