Kijani au Malai

Josephina alizaliwa mbishi, na rangi ya kijani alikuwa ameitaka yeye. Kwa miaka kumi na moja aliuza kabichi na karoti sokoni mjini mpaka akasimamisha nyumba yake Bigwa, chini ya mlima wa kwao, na chumba pekee kilichobaki bila rangi kilikuwa cha mama yake, Bi Catherine. Mara mbili mama huyo alishuka kutoka mlimani, akalala siku tatu, akarudi zake. Furushi lake hakulifungua hata siku moja. Lilikaa mlangoni kama mgeni anayeaga. Na macho ya mama yalikwishaingia ukungu, naye aliishi peke yake kule juu kwenye vijia vya miteremko. Kila simu ikiita alfajiri, Josephina alihofu ataambiwa mama ameanguka korongoni.

"Nipakie kijani cha mlimani," alimwambia fundi Sufiani. "Ajione yuko kwao."

Sufiani alipaka kipande cha kijani upande wa kushoto wa ukuta, halafu, bila kutumwa, akapaka kingine cha malai, weupe wa maziwa, upande wa kulia.

"Dada, hapa Bigwa mlima unatuficha jua mapema. Saa kumi tu, chumba hiki kitakuwa giza."

"Kuna aliyekuuliza?"

Jumamosi alasiri mama akafika. Sufiani alimwamkia, akaitikiwa marahaba. Josephina akamshika mama yake mkono, akamsimamisha katikati ya chumba.

"Chagua, mama. Kijani kama kwetu, au malai."

Bi Catherine aligeuza shingo huku na huku. "Mlima naujua, sina haja ya kupakiwa ukutani. Hebu simama pale kwenye kijani."

Josephina akasimama.

"Haya, nenda na kule."

Akahamia kwenye malai. Mama akasogea hatua mbili, akakaza macho, akatabasamu.

"Pale nilikuwa nasikia sauti yako tu. Hapa nakuona. Umekonda, mwanangu."

Josephina alilia mbele ya fundi bila kujificha, na ubishi wote ukamwisha. Ndoo ya kijani akaamuru ikapakwe banda la kuku.

Sufiani alipoanza kukoroga malai, Bi Catherine alikuwa ameketi kwenye kigoda, furushi mapajani, akihangaika na fundo lake. Likafunguka.

"Ukuta ukikauka," alisema, "mnipigie msumari hapa. Nitundike rozari yangu."