Kobe wa Saba wa Bi Liao

Basi lilimshusha Bi Liao Chiu-mei kwenye kituo kisichokuwa hata na benchi, naye akashuka polepole akiwa ameikumbatia ndoo. Ndani yake mlikuwa na kobe wa maji mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, aliyemnunua sokoni mjini Chiayi asubuhi ile. Bwawa hili hakuwahi kuliona, ingawa kobe wake sita walikwisha kuachiliwa humo. Watu wa hekalu ndio waliowaleta huku kwa niaba yake, mmoja kila mwezi, mpaka sheria ya kuachilia wanyama ilipokazwa na hekalu likaacha.

Mumewe alipopooza upande mmoja, Bi Liao alipiga magoti akaweka nadhiri: atawapa uhuru viumbe saba, ili naye mzee anyanyuke. Kufikia kobe wa sita, mzee alikuwa anakwenda kwa mkongojo hadi mlangoni. Sasa amebaki mmoja. Nani huacha kushona shati limebaki kola?

Kando ya maji alisimama mwanamke kijana mwenye mabuti marefu ya mpira, afisa wa wanyamapori aitwaye Pei-ling, akivuta mtego wa nyavu.

"Shangazi, umebeba nini?"

"Supu."

"Mbona supu yako inakwaruza?"

Bi Liao akaitazama ndoo kana kwamba imemsaliti.

"Huyo si wa kwetu, Shangazi," Pei-ling akasema. "Asili yake Marekani. Kobe wa hapa wamenyang'anywa chakula, hata gogo la kuotea jua hawalipati. Ukimwachia, itabidi nikuandikie faini."

"Watu wanawachinja, huwaandikii. Mimi namwacha aishi, ndimi mwenye kosa."

Pei-ling akaufungua mtego, akatoa kobe mmoja mkubwa. Gambani palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu iliyopauka. Bi Liao aliyasoma mara mbili: Tu Shun-fa. Hekaluni huandika jina la mgonjwa mgongoni mwa kobe, ili thawabu isipotee njiani.

"Mnawapeleka wapi hawa?"

"Hawarudi majini. Daktari huwadunga sindano, wanalala moja kwa moja."

"Na jina la mume wangu mgongoni."

Pei-ling akamshusha kobe taratibu. "Wengi wana majina, Shangazi. Siku hizi nimeacha kuyasoma."

Kobe alianza safari yake ya kurudi bwawani, Bi Liao akamzuia kwa ncha ya kiatu.

"Sheria yenu inakataza kufuga?"

"Kufuga, hapana. Kuachia ndiko kunakokatazwa. Hata huyu wa mtegoni naweza kukupa, ukijaza fomu."

"Anaishi miaka mingapi?"

"Akitunzwa, thelathini."

"Mimi nina sabini na moja."

"Basi anza kula mboga."

Bi Liao akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kumwachia kobe ni kazi ya dakika moja. Kuitimiza nadhiri kwa kuwafuga hawa kutataka maji safi kila siku ya Mungu. "Mzee atayabadilisha," akasema akiweka saini kwenye fomu. "Amekaa vya kutosha. Na wale watano?"

"Nikiwapata, nitakupigia."

"Usichelewe. Na usiwapeleke kwa huyo daktari wako."

Basi la kurudi likafika. Bi Liao akapanda na kobe wake wawili. Dereva alipouliza ndoo ina nini, akamwambia aangalie barabara. Pei-ling akaikunja fomu, akaingia tena majini kuvuta mtego wa pili.