Munje Yamshikia Dzombo Filamu Yake

Saa nane mchana, Jumamosi. Dzombo Mbarak, mwenye miaka sitini na mmoja, anatundika leso dirishani kuzuia mwanga, kisha anaketi kando ya televisheni katika banda lake la video kijijini Munje, Msambweni. Mbele yake watu wamejaa safu tano za mikeka.

Filamu ni ileile anayoionyesha kwa miaka ishirini na miwili sasa: wanajeshi mateka wanachimba njia chini ya banda la kuku la kambi ili watoroke.

"Kisima hakichimbwi hivyo, Mwero! Utafukiwa!" mchimba visima mmoja aliyeketi mkekani anamkaripia mateka mrefu wa kwenye filamu. Watu wanaangua kicheko.

Filamu ni ya Kizungu. Dzombo, aliyekuwa akiisimulia kwa Kiswahili ikiendelea, ndiye aliyewapa mateka wote majina ya kijijini kwake.

"Maneno yao mengine sikuyaelewa," ananong'ona. "Lakini mtu aliyefungwa akiwaza kwao, uso wake nausoma."

Mwezi Machi alipasuliwa uvimbe kooni, akabaki na mnong'ono. Riziki yake ni kiingilio cha shilingi ishirini, na watu walifuata sauti yake. Akaamua kuiuza televisheni.

"Nikamwambia, baba watoto, waonyeshe mara ya mwisho, muagane," anakumbuka mkewe, Jumwa.

Ikaonyeshwa bila msimulizi. Mateka wa kwanza alipoingia shimoni, Bi Mwanapili, muuza mihogo wa pale mlangoni, akatamka maneno ya Dzombo: "Bismillahi, Mwero. Tanguliza kichwa, moyo utafuata."

Mwingine akamjibu. Kabla filamu haijaisha, kila mateka alikuwa na msemaji wake. Televisheni haikuuzwa.

"Nikajifunika uso kwa kofia," Dzombo anasema. "Kumbe walikuwa wakiyahifadhi! Mimi nilidhani wanatafuna mihogo tu."

"Kwa makelele yale, tungekosaje kuyahifadhi?" Bi Mwanapili anamtania, akimwekea kikombe cha tangawizi na asali. Humletea kila Jumamosi, na malipo hataki.

Yako maneno ambayo hakuna anayeyagusa. Mwishoni, mateka mzee hubaki nyuma akiwamulikia wenzake. Hapo banda zima hunyamaza, likimwachia Dzombo.

Daktari amemwambia sauti huenda ikarudi kidogo kidogo. Kila alfajiri, baada ya swala, huyafanyia mazoezi maneno hayo ya mzee.

"Ni maneno matano. Yakifika mkeka wa nyuma, Alhamdulillahi. Mengine wabaki nayo, wameyatunza."

Mzee wa filamu anainua taa. Dzombo anasimama.

"Nendeni, wanangu. Taa ninayo mimi."

"Tumesikia!" wanaitikia wa mkeka wa tatu.

Bado miwili.