Mume Wangu Alitoa Pesa za Macho Yake Kung'arisha Gari

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi mawingu yalikuwa mazito, lakini mvua iligoma kunyesha.

Ndiyo siku niliyomwona mume wangu akilikumbatia lori la mkate na kuliita mke wa pili.

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Mume wangu alipostaafu alinunua gari-nyumba, lile gari refu lenye kitanda na jiko ndani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo nikajifunza udereva ukubwani, masomo ya jioni. Tukakubaliana apasuliwe macho kwanza, kisha twende kuwatembelea watoto.

Pesa za upasuaji zilikuwa tayari. Nilikuwa naziombea kama mtu anayemwombea mgonjwa.

Siku moja mdogo wake alimpeleka kwa daktari, wakarudi.

"Mama watoto, macho yatasubiri. Gari lipakwe seramiki."

"Sera nini?"

"Dawa ya kulinda rangi. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Uchafu haushiki."

Tukaenda gereji. Fundi wa rangi, wenzake wakimwita Kioo, alilizunguka gari letu, akakuna kichwa, akataja bei.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwanangu, unapaka gari au unatuuzia jingine?"

"Mama, huu ni ukuta wenye magurudumu. Tupande ngazi, tuoshe, tutoe madoa, tung'arishe, ndipo tupake kwa kitambaa, kipande kwa kipande. Dawa si ghali sana. Ghali ni mikono."

"Basi paka mbele tu."

"Mbele tu?" mume wangu akadakia. "Si litakuwa limevaa koti bila suruali!"

Bei ile ilimeza pesa zote za macho.

Nililia. Nikampigia mdogo wake. "Shemeji, usiniingize humo," akakata simu.

Mwenye macho ni yeye, mwenye pesa ni yeye. Mimi nilikuwa na magoti tu. Nikayapiga.

Akalipa.

Jumamosi hiyo tukaenda kulichukua. Alinishika bega, kama alivyozoea siku hizo, akisingizia magoti yake yanauma. Uani kulikuwa na magari mawili makubwa meupe: letu, na lori la mkate lililoletwa kunyooshwa bodi.

Nikamwacha kidogo nikapokee funguo.

Nilipogeuka, alikuwa amelikumbatia lori.

"Njooni muone! Linang'aa kama meno ya mtoto! Huyu sasa ndiye mke wa pili!"

Vijana wa gereji hawakuwa na mbavu. Kioo naye alicheka. Kisha akaacha.

Lori lilikuwa limejaa vumbi. Ubavuni lilikuwa na picha ya mkate mkubwa kuliko mlango.

Nikamsogelea. Nikapunga mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa.

"Baba watoto, unaona nini?"

Akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Weupe," akasema. "Weupe tu."

"Na daktari?"

"Alisema hata wakipasua, hayarudi. Nikamkataza mdogo wangu asikwambie."

"Kwa hiyo ukazitupa pesa kwenye rangi?"

"Sikuzitupa, mke wangu. Utaliendesha peke yako. Utaliosha peke yako. Nilitaka ukimwaga ndoo moja ya maji, uchafu ushuke wenyewe. Nisingeweza kukusaidia kwa lingine."

Nilitafuta wa kumlaumu, sikumpata. Nilitafuta cha kufanya, sikukiona. Kumbe wiki zote zile nilikuwa naombea kitu ambacho jibu lake lilikwisha kutolewa.

Ndugu zangu, mtu wa nyumbani mwako akitoa pesa kwa jambo usilolielewa, kabla hujauliza bei, muulize anaogopa nini. Mimi niliuliza bei tu.

Nikamshika mkono, nikampeleka hadi kwenye gari letu, nikakiweka kiganja chake ubavuni. Kikateleza. Akatabasamu, na hapo ndipo machozi yaliponishinda.

Mafundi wote walikuwa wamesimama, vitambaa mkononi. Nikasema kwa sauti, ili asikose kusikia hata mmoja:

"Kioo, na ninyi vijana, muwe mashahidi wangu, na Mungu juu yetu. Safari iko palepale. Nitaendesha mimi, na kila nitakachokiona nitamwambia, hata akiwa mbuzi anayevuka barabara. Na sitampamba huyo mbuzi. Akiwa mchafu, nitasema mchafu."