Sinia Nililolipiga Picha Nachingwea

Wavulana wa darasani kwetu Nkowe walinipiga kwa mabibo ya mikorosho. Bibo likikupasukia mgongoni, doa lake kwenye sare halitoki ng'o. "Tipa linapita!" walinipigia kelele, kama mimi ni lori la mchanga. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikikimbia kidogo tu pumzi hamna.

Nesi wa Ruangwa alinipima presha, akakunja uso. Akaniingiza kwenye kundi la simu la watoto wanene: kila mlo upige picha kabla hujala, umtumie, naye anajibu punguza hiki, ongeza kile. Ukiacha kutuma unatolewa, anaingia mwingine. Mimi na simu ya kaka yangu tukashikamana. Nilishajiona nacheza netiboli, nadaka mpira juu ya vichwa vya watu!

Basi tukaenda Nachingwea kwa shangazi, binti yake anatolewa unyagoni. Na mimi nilishachezwa unyago, kwa hiyo nikaruhusiwa kula chumbani kwa mwali na wanawake. Sinia likatua, ubwabwa unafuka moshi. Nikachota tonge, nikakumbuka, nikainua simu. Mwanga ukawaka.

Nyuma ya sinia alikaa mwali, kichwa wazi, na hajatolewa nje bado. Mtu asiyehusika haruhusiwi kumwona, na mimi nimemtia pichani.

Kofi la nyakanga, bibi aliyemfunda, likanizibua sikio.

"Mwali wetu unampeleka wapi?"

"Nimepiga ubwabwa, bibi!"

"Ubwabwa una macho?"

Shangazi akaja na mwiko uliotoka chunguni, akanichapa nao begani, ngozi ikabaki kwenye mwiko. Wengine wananifinya mapaja wanacheka: "Minyama yote hii, eti dayati!" Simu wakaitumbukiza kwenye kinu, wakaitwanga kama kisamvu. Nilisikia kioo kinasagika.

Mama akajitupa juu yangu. "Nipigeni mimi! Presha ikimuua mtamlilia nyie?"

"Mnene hivi afe na nini, wifi? Unamnyima mtoto chakula, unatuaibisha!"

Mwiko ukampata mama mdomoni. Mama, mpole yule, akaudaka mkono wa shangazi akaung'ata, hakuuachia mpaka walipotukokota wote wawili nje na kututupa uani.

Tulikaa kijiweni kusubiri bodaboda. Mama akatema damu, akatoa kisimu chake cha vitufe kisicho na kamera.

"Namba ya nesi unayo kichwani?"

"Ninayo, mama. Lakini picha hakuna. Nitatolewa."

"Kwani hajui kusoma? Andika: ubwabwa tonge moja."

"Hata sikulila, mama. Lilimwagika."

"Basi andika ukweli. Tonge moja, nikapigwa, likamwagika."

Nikaandika hivyohivyo, nikaongeza jina langu na kwamba simu ni ya mama. Kisimu kikalia kabla bodaboda hajafika. Nikamsomea mama jibu la nesi: "Nimepokea. Kuanzia leo uwe unaandika tu. Na mama naye ajiunge, nimpime presha."

Mama akacheka, mdomo ukapasuka upya, damu ikachuruzika mpaka kwenye kitenge, na bado anacheka.