Mama wa Mapacha Aliyekwenda Numea

Albertine hakwenda ng'ambo kula raha, na anayesema hivyo namwomba afunge mdomo wake. Ilikuwa mwaka 1961. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na katika mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, watu wenye asili ya Kasai waligeuka maadui kufumba na kufumbua. Kule Katuba, mtaa wa Waafrika alikoishi Albertine, vijana walipita mlango kwa mlango wakiuliza nani katoka wapi, na waliopatikana walipigwa.

Albertine, Mluba wa Kasai, alikuwa yaya wa mtoto wa Madame Simone katika mtaa wa Makomeno. Mume wa Madame, injinia, alipata kazi ya madini ya nikeli Numea, mji mkuu wa kisiwa cha Wafaransa katika bahari ya Pasifiki. Madame akamsihi Albertine afuatane nao, na Bwana akaapa kwamba wakifika tu ataomba karatasi ili mume na watoto wafuate. Kwa kiapo hicho Albertine alikubali kuwaacha mapacha wake, Mbuyi na Kabanga, ambao hata miaka mitatu hawajatimiza.

"Uangalie muzuri," mumewe Stanislas, fundi cherehani, alimwambia. "Kama iko kazi ya kushona, na kama kule batoto banaweza kucheza inje bila woga, tutakuja bote."

Basi Albertine aliutembelea mji ule kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Alimsukuma mtoto wa Madame kwenye kigari hadi uwanja wa minazi, akakuta miti ya maua mekundu sawa na ile ya kwao. Moshi wa kiwanda cha nikeli ulimkwaruza koo vilevile kama ule wa kiwanda cha shaba cha kwao, akacheka peke yake. Aliona mikoko iliyosimama majini, na popo wakubwa ambao wenyeji huwala kwa mchuzi. Kilimani palikuwa na mizinga ya vita vya Hitler, na watoto walikuwa wakiipanda wakipiga kelele.

Pembeni mwa mji yalibaki mabanda ya bati yaliyopinda, yaliyoachwa na askari wa Kimarekani wa vita hivyo. Mama mmoja mwenyeji, mfuaji nguo wa jirani, alimweleza kwamba askari wale walijaa hadi watu wakakosa pa kukanyaga, kisha wakaondoka zao. Sasa yeye alifuga kuku bandani mwao. Maneno hayo yalimpa Albertine moyo kuliko sala zote alizosali kisiwani. Alijiambia kwamba vita vina mwisho, hata vya Katanga. Akachagua kabisa kibanda nyuma ya soko, chenye kibaraza ambapo cherehani ya Stanislas ingepata mwanga.

"Mwezi ujao," Bwana alisema alipoulizwa habari za karatasi. Mwezi ujao ukaleta mwenzake. Mnamo Septemba redio ikatangaza kwamba Elisabethville kunapiganwa, askari wa Katanga na wa Umoja wa Mataifa, na kwamba Wakasai kwa maelfu wamekimbilia kambini. Bwana akaizima redio, eti kwa kumhurumia.

Hapo uvumilivu ukamwishia Albertine. Aliingia sebuleni mbele ya wageni, sinia mkononi.

"Bwana, karatasi ya batoto bangu iko wapi?"

Bwana hakuwa ameomba kitu. Alitaka yaya, akampata, na yaliyobaki aliyatupa nyuma ya mgongo. Watu wa namna hiyo hawakosi usingizi, na ndilo linaloniudhi.

Albertine aligoma kula, akagoma kufanya kazi, hadi wakachoka naye wakamrudisha. Lakini njia zilikuwa zimefungwa, vita vya Desemba vikapita juu ya vile vya kwanza, na alipofika kwa njia ya Ndola, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa tayari mwaka 1962. Katuba alikuta nyumba yake haina hata mlango. Akaenda kambini moja kwa moja, akapita katikati ya mahema na matope, akiuliza.

Wanawake walimtambua kabla yeye hajawatambua. "Mwa Mbuyi!" wakamwita, kwa jina la heshima la mama wa mapacha. Kwao mama huyo hapokewi kimya, basi wakaangua zile nyimbo za mapacha zenye matusi ya kuchekesha. Moyo ulimruka. Akaitikia, akapiga makofi, akaingia hemani akicheza.

Ndani alikuwapo Stanislas, mwembamba, amempakata Kabanga aliyepakwa usoni chokaa nyeupe ya mapacha. Albertine akachungulia nyuma ya mgongo wa mumewe, kumtafuta wa pili.

"Mbuyi alirudia," Stanislas akasema, kwani kwao pacha hasemwi amekufa. "Iko surua. Ilibeba batoto mingi."

Albertine akafungua kinywa kulia, lakini wanawake wakapaza sauti zaidi kukifunika. Kwao pacha haliliwi. Nyimbo zilizompokea ndizo zinazomsindikiza, na ukimlilia aliyekwenda, aliyebaki atamfuata.

"Imba, Mwa Mbuyi," mmoja akamnong'oneza akimshika mkono kwa nguvu. "Huyu anakuangalia."

Kabanga alikuwa akimwangalia kweli, kwa macho ya kumshangaa mgeni. Basi Albertine akaimba matusi yale yote, akatikisa mabega, akakata kiuno. Kabanga akaanza kucheka, akapiga makofi, na Albertine aliponyamaza ili avute pumzi, mtoto akamwambia yule mama asiyemjua aimbe tena.