Gurudumu la Nyuma Kushoto

Enzi zetu pale Ibra, Oman, baridi haikutangazwa na simu. Tuliijua kwa feni kuzimwa, kwa mablanketi mazito ya maua kutolewa sandukuni yakinuka karafuu, na kwa Mama kuzidisha tangawizi kwenye chai mpaka koo linawaka. Tulikwenda skuli na sweta mbili mbili. Jua likishapanda tukawa tunatota jasho, lakini hakuna aliyethubutu kuvua, maana Mama alikuwa na namna yake ya kujua. Wanangu leo, Disemba hii hii, wanawasha AC mpaka chumba kinaganda, kisha wanajifunika gubigubi. Ukiwauliza, wanakwambia ndiyo raha yenyewe.

Lakini nyumbani kwetu baridi ilikuwa haijaingia mpaka Baba abadilishe magurudumu ya gari.

Baba alitoka Unguja angali kijana, akakaa Denmaki miaka mingi akifanya kazi gereji, ndipo akaja Oman na mkewe, mabegi yake, na stesheni wagon moja ya kijani, ndefu, iliyotuchukua sote na magunia. Ndani yake, siku aliyoitoa bandarini, kulikuwa na magurudumu mengine manne: ringi nyeusi za chuma na matairi yenye meno mapana, matairi ya theluji. Huko alikotoka, alisema, baridi ikiingia ni lazima uyafunge. Ibra haijaona theluji tangu iumbwe, lakini Baba hakuona kwamba hilo linabadilisha kitu. Mama akimuuliza theluji yenyewe itatokea wapi, alijibu kwamba hata Denmaki wapo waliouliza hivyo, na yeye ndiye aliyekwenda kuwavuta mtaroni kwa kamba.

Siku ya kubadilisha ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Baba alivaa ovaroli lake la gereji, akavua kofia yake ya viua, akaipindua, na nati zote zikatiwa humo. Mimi nilikuwa mshika kofia, mdogo wangu Seif mshika spana. Mama alikuwa jikoni anakaanga mandazi, na harufu ya hiliki ilitufanya tuzipoteze nati mbili tatu kila mwaka.

Hapo ndipo tulipopewa darsa. Watoto wenzetu walifundishwa kuchagua tende. Sisi tulifundishwa kuchagua tairi. Libonyeze kwa dole gumba, la baridi liwe laini. Tia kijiti cha kiberiti baina ya meno; kisipozama vizuri, hilo limekwisha kazi. Lizungushe ulitazame ubavuni kama halikupasuka. Ringi ziwe za chuma, usihadaike na zile za kung'ara, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji huzila. Barabara gani ya Ibra ilikuwa na chumvi, hatukuuliza. Kisha kila gurudumu liliandikwa kwa rangi nyeupe mahala pake: MK ni mbele kulia, MS mbele kushoto, NK nyuma kulia, na NS nyuma kushoto. Jirani yetu Ammi Hilal, mwenyeji wa hapo, mtu wa shamba na mbuzi, alikuwa akipita anatoa salamu, anasimama kidogo, halafu anauliza kwa Kiarabu ikiwa kuna vita vinakuja.

Aibu hiyo tuliivumilia kwa sababu ya ahadi. Kila likizo tulikwenda Izki kwa Bibi, mama yake Mama, na kutoka darini kwake tuliuona mlima umesimama mbele yetu. Kule juu, Baba alitwambia, Jabal Akhdar, maji huganda asubuhi ukayashika mkononi kama kigae. Siku moja tungepanda, na hao wanaocheka wangeona matairi haya yana kazi gani. Kila mwaka ilikuwa inshaallah. Mwaka niliotimia kumi, akasema tangu kiangazi kwamba likizo hii tunapanda, hapana tena maneno. Seif, mwenye miaka saba, akaosha chupa ya jemu ya kutilia barafu yake, akaiweka chini ya kitanda.

Sasa mnisamehe kwa haya yanayofuata.

Adhuhuri moja ya kiangazi hicho hicho, wakubwa wamelala, mimi na Seif tuliingia stoo tukalitoa NS. Michezo yetu yote ilikuwa imetuchosha, mdako, nage na kujificha, na nje palikuwa na kile kilima chenye mnara wa zamani, kinaita. Tulilisukuma mpaka juu kwa kupokezana na kutukanana. Seif alitaka ajikunje ndani lakini ringi ilimzuia, na mpaka leo naishukuru ringi ile. Tukaliachia tupu. Lilianza pole pole, kwa adabu, kisha likapiga jiwe, likaruka, likakata kushoto, likauvuka ukuta wa Ammi Hilal na kupotea. Tukasikia mbuzi wanalia. Sisi tulikwisha fika nyumbani, tumelala, macho tumeyafumba kwa nguvu.

Kesho yake tulichungulia. NS lilikuwa limelazwa chini bandani, na katikati ya ringi Ammi Hilal amepachika beseni la maji, limekaa sawasawa, mbuzi hawawezi tena kulipindua. Alidhani ni rizki iliyoshuka tu. Kulitaka ilikuwa ni kukiri, na kukiri ilikuwa ni kumtazama Baba usoni, kwa hivyo tukala kiapo kwenye mlango wa banda la mbuzi kwamba hatutasema.

Baridi ikaja. Mandazi yakakaangwa, kofia nikapewa, Baba akafungua stoo. Alisimama pale mlangoni muda mrefu sana, ametupa mgongo. Akahamisha magunia, akahamisha mitungi, akatoka. Alituuliza mara moja tu kama tunajua lilipo, tukasema hatujui, na Seif akaongeza wallahi ambayo hakuna aliyemwomba. Baba akairudisha kofia kichwani.

"Basi," alisema. "Mlimani hatupandi na matatu."

Tukaenda Izki na matairi ya kiangazi. Seif alikwenda na chupa yake hivyo hivyo, akaishika njia nzima, na siku mbili nzima alikaa nayo darini kwa Bibi akiutazama mlima. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikata maini. Fikra ya kilimani ilikuwa yangu, kiapo kilikuwa changu, na barafu yake niliila mimi. Miaka iliyofuata Baba alizunguka maduka ya Nizwa akibonyeza matairi kwa dole gumba, akisema haya yote ni ya joto. Tukakua na la nne halikupatikana. Stesheni wagon ikachoka, ikauzwa, na habari ya kupanda mlima haikutajwa tena.

Baba sasa ni mzee, anakaa kwangu Nizwa. Disemba iliyopita nilikwenda kununua matairi ya gari letu, na yeye akataka aje. Kijana wa duka akanionesha picha kwenye simu, akanambia niguse nitakalo litaletwa mpaka mlangoni. Baba alikuwa hamsikii. Amekwisha inama na fimbo yake, anabonyeza. Nilipomwona na lile dole gumba, nikiwa na ile harufu ya mpira puani, maneno yakanitoka yenyewe.

"Baba, lile NS tulilipoteza sisi. Mimi na Seif."

Akabonyeza la pili. "Najua. Nililiona kwa Hilal siku ya pili ya ile Alhamisi, mbuzi wanakunywa."

"Mbona hukulichukua?"

Akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa. Akaomba kiti, akaletewa na chai, ndipo akanieleza. Wiki moja kabla ya Alhamisi ile alikwenda peke yake mpaka chini ya mlima kuitazama njia. Askari akamwambia hapo hapandi mtu ila kwa gari la fowili, lile linalosukumwa na magurudumu yote manne. Baba akamtolea darsa lote, meno, ubavu, kijiti cha kiberiti. Askari alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba hata akifunga matairi ya ndege, gari hilo halipandi.

"Nikarudi njia nzima nawaza nitakwambieni nini," alisema. "Kufungua stoo, matatu. Nikasema alhamdulillahi. Nikamwendea Hilal nikamwambia liwache hapo hapo, usimwambie mtu. Na beseni jipya nikamnunulia."

Miaka yote ile mimi nauogopa uso wake, kumbe na yeye anauogopa wangu. Nilicheka mpaka kijana wa duka akaja kuuliza kama tumepata tunalotaka, kisha nikalia kidogo.

Ijumaa yake tukapanda, asubuhi mapema, kwa fowili ya mume wangu. Askari alitupungia mkono tu. Wanangu walikwisha panda mara nyingi hata hawainui macho. Njia ile tuliyoililia sisi utoto mzima, wao waliipita wakitazama vidole vyao kwenye simu. Juu, kwenye ukingo wa pipa la maji la bustani moja, palikuwa na barafu, nyembamba kama karatasi. Waliipiga picha kupitia dirishani kwa sababu nje, walisema, kuna baridi. Sisi enzi zetu tungeligombania pipa lile mpaka tukaingia ndani yake.

Baba akashuka na fimbo. Akaibonyeza barafu kwa dole gumba, ikavunjika. Kipande kimoja akanipa mimi mkononi, kikaniunguza mpaka kikaisha. Cha pili akavua kofia, akaipindua, akakitia humo. "Hiki cha Seif," alisema, na akaishika kofia mapajani njia nzima ya kuteremka.

Seif alikuwa anatungoja Izki, ametoka Sur na watoto wake. Tulipofika kofia ilikuwa imerowa tu, haina kitu. Nilimweleza yote pale pale mlangoni, akaisikiliza hadithi mpaka mwisho bila ya kucheka, kisha akaichukua kofia ile mbichi mikononi mwa Baba na kuivaa.